Alamu ya Ndai Yako Hufanya Kazi Aje? Cheki Hii Kabla Mwizi Akufunze

Saa nane usiku. Uko kwa keja umelala fiti, halafu huko nje kwa pakingi ya ploti alamu ya gari inaanza: wiu-wiu-wiu, tii-tii-tii, zile toni zote sita kama DJ amechanganyikiwa. Unafanya nini? Unavuta blanketi. Jirani pia anavuta yake. Soja anamulika tochi mara moja akiwa kwa kibanda, anaona ni ile Vitz ya kila siku, anarudi kwa chai. Baada ya sekunde 30 kelele inaisha na ploti nzima inasema asante Mungu.

Sasa hebu fikiria hiyo ndai ni yako. Ama mbaya zaidi, si yako: ni ya buda fulani alikuachia ufanyie kazi ya Uber na Bolt, na kila jioni lazima umtumie hesabu yake. Ikipotea, utamwambia nini? Kwamba alamu ililia?

Hiyo ndio kitu ya kwanza kushika. Kelele haishiki gari. Kelele huita watu, na watu wa mtaa walishazoea. Kitu huzuia gari kutoka hapo ni waya mwingine kabisa, na wasee wengi wanaendesha bila kujua kama wako nayo ama hawana.

Gari mingi za huku hutoka Japani zikiwa zimetumika, na sheria ya Kenya hairuhusu uingize iliyozidi miaka 8. Zile za bei ya chini, kina Vitz, Probox na Demio, mara nyingi hufika na rimoti ya kufunga na kufungua milango tu, king'ora hakuna. Kwa hivyo mwenyewe anaipeleka kwa fundi wa waya, iwe ni Kirinyaga Road, Ngara ama jua kali ya mtaani, ananunua boksi ya alamu imetoka China, na kwa masaa mawili matatu kazi imeisha. Hiyo alamu ya kuongezewa ndio tunaongelea sana hapa, juu ndio iko kwa gari ya msee wa kawaida.

Ukifungua hiyo boksi utapata kitu kidogo cheusi cha plastiki, huo ndio ubongo. Rimoti mbili. King'ora cha kuweka ndani ya boneti. Taa ndogo ya kuwaka-zima kwa dashibodi. Rilei moja ama mbili. Kisha sensa (si ile ya kuhesabu watu, hii ni ya kuhisi mtikiso), swichi ya boneti, na waya nyingi za rangi ambazo zinakaa kama chapo ya minji iliyomwagika.

Ubongo husikiza nini?

Husikiza vitu vichache tu. Ya kwanza ni milango. Si unajua ukifungua mlango taa ya ndani huwaka? Kila mlango uko na kaswichi kake pale kwa fremu, na mlango ukifunguka, hako kaswichi huunganisha waya na bodi ya gari. Alamu hudungwa kwa waya huo huo. Kwa hivyo ukishabonyeza rimoti na alamu ikakaa macho, mlango wowote ukifunguka, ubongo unajua hapo hapo. Buti na boneti ni hivyo hivyo, kila moja na swichi yake. Usikubali fundi aruke ile ya boneti ati ni kazi ndogo. Bila hiyo, mwizi anafungua boneti polepole, anatoa waya wa betri, na alamu yako inalala kama mtoto.

Ya pili ni hiyo sensa ya mtikiso. Ndani yake kuna kitu hutoa umeme kidogo sana kikitikiswa. Mgongano mdogo, alamu inalia mara mbili tatu kama onyo. Mgongano mkubwa, kama kioo kuvunjwa, inafungulia kila kitu. Nyingi ziko na kaskrubu ka kupunguza na kuongeza ukali, na hapo ndio shida yote ya kelele za usiku hutoka. Fundi akiifunga kwa chuma imara, inahisi gari yenyewe. Akiibandika na tepu kwa rundo la waya chini ya dashibodi, inahisi kila kitu ama haihisi chochote: matatu ikipita na besi yake, lori, radi, paka akiruka kwa boneti kutafuta joto.

Usidharau hiyo ya paka. Alamu ya kulia ovyo ni mbaya kuliko kukosa alamu, juu inafunza majirani kukupuuza. Na wezi wanajua hivyo. Kuna mchezo wa zamani sana: jamaa anakuja anapiga tairi teke, alamu inalia, anajificha. Unatoka, hakuna mtu. Unarudi. Anapiga tena. Mara ya nne, wewe mwenyewe ukiwa na usingizi unaizima kabisa ndio ulale. Umemfungulia kazi. Kwa hivyo ikilia mara tatu usiku mmoja, usiizime. Washa taa za nje, itisha soja, angalia vizuri.

King'ora chenyewe huandikwa desibeli 120 hivi, ambayo ni kelele ya kuumiza masikio ukiwa karibu. Kiko kwa boneti, na mwizi mzoefu huenda kukata waya wake kwanza. Ndio maana kuna ving'ora vinakuja na kabetri kao ndani: ukikata waya ndio vinazidi kulia. Vinagharimu pesa kidogo zaidi, na ni pesa ya maana.

Rimoti na ule mchezo wa pakingi

Rimoti ni redio ndogo. Ukibonyeza, inatuma namba fulani hewani kwa frikwensi moja. Za Japani na Marekani huwa karibu megahazi 315, za Ulaya na alamu nyingi za kununua huwa 433. Ubongo ukisikia namba yake, unafunga milango, indiketa zinawaka mara moja, na taa ya dashibodi inaanza kukonyeza.

Zamani namba ilikuwa ile ile kila siku. Mtu angekaa karibu na kifaa cha kunasa mawimbi, airekodi, halafu airudie ukiondoka. Siku hizi alamu za maana hubadilisha namba kila ukibonyeza, kama ile OTP ya benki. Rimoti na ubongo zote zinajua hesabu ya kupata namba inayofuata, kwa hivyo ile ya jana haifanyi kazi leo. Ukibonyeza mara kadhaa ukiwa mbali na gari hakuna shida, ubongo unaruhusu kuruka namba chache mbele. Lakini mtoto akikaa nayo nyumbani akibonyeza kama gemu, siku moja utapata gari haikusikii na itabidi uzipatanishe upya. Ukinunua alamu, uliza swali moja tu: namba yake inabadilika ama ni ile ile? Muuzaji akikosa jibu, enda duka lingine.

Sasa wasee wengi hawaibiwi kwa kunakiliwa namba. Wanaibiwa kwa kitu rahisi kuliko hiyo. Jamaa anakaa kwa pakingi ya supermarket na kifaa cha kumwaga kelele kwa frikwensi ile ile ya rimoti. Wewe umeshuka, unaongea na simu, unabonyeza rimoti ukiwa umeshageuka mgongo, unaenda. Gari haikusikia chochote juu ya hiyo kelele. Milango iko wazi. Hakuna kioo cha kuvunja, hakuna alamu ya kulia, anafungua tu kama gari ni yake.

Hii ilinipata. Demio ya boyz, mimi ndio nilikuwa nimeendesha, tumeenda kununua nyama tu. Tulirudi baada ya dakika ishirini, begi la laptop hakuna, gari haina hata mkwaruzo. Soja aliniuliza kama nina uhakika nilifunga. Nikasema nina uhakika nilibonyeza. Na hapo ndio nilielewa kubonyeza na kufunga ni vitu viwili.

Dawa yake ni ya bure. Bonyeza ukiwa umeangalia gari, ona indiketa zikiwaka, sikia loki zikigonga, kisha vuta mkono wa mlango. Sekunde tatu. Indiketa zisipowaka mara ya pili na ya tatu, na betri ya rimoti iko sawa, usianze kubishana na rimoti. Funga na funguo, ama toa hiyo gari hapo.

Waya wa kweli: ule unakata stata

Hapa ndio tukae kidogo, juu hapa ndio gari inabaki ama inaenda.

Alamu iko na waya mmoja wa kuzuia gari kuwaka. Hufanya kazi kupitia rilei, kile kiboksi cheusi cha miguu mitano ambacho kila fundi wa waya anakijua. Miguu ya 85 na 86 ni ya koili, yaani sumaku ya ndani. Mguu wa 30 ndio umeme unaingilia. Kisha kuna 87a, ambayo imeunganika na 30 wakati rilei imelala, na 87, ambayo huunganika rilei ikiamka. Fundi anakata waya mmoja muhimu wa gari na kupitisha umeme wake kwa hiyo rilei. Swali ni mbili: anakata waya gani, na anatumia mguu gani?

Waya gani kwanza. Wengine hukata pampu ya mafuta, wengine swichi ya kuwasha injini, wengine stata. Ukiniuliza mimi, stata. Sababu ni usalama wako mwenyewe. Rilei ya bei rahisi ikiharibika ukiwa Thika Road kwa kasi ya 100 na imekata pampu ya mafuta, injini inazima hapo hapo na lori iko nyuma yako. Stata hufanya kazi wakati wa kuwasha tu. Ikikatika, mbaya zaidi utashindwa kuwasha gari asubuhi. Msee wa gari ya gia za mkono atasema mwizi anaweza kuisukuma ikawaka, na ni kweli. Lakini gari mingi za mtaa siku hizi ni otomatiki, na hizo haziwaki kwa kusukumwa.

Mguu gani sasa. Mafundi wengi hutumia 87a. Maana yake rilei ikilala, gari inawaka. Alamu ikiwa macho, inaamsha rilei na kukata stata. Inakaa poa mpaka uulize: mwizi akichomoa fiuzi ya alamu je? Rilei inalala, stata inarudi, gari inawaka kama kawaida. Kumbe ulikuwa umelipia ulinzi ambao unazimwa kwa kutoa fiuzi moja. Ukitumia 87, mambo yanageuka: gari haiwaki mpaka alamu ikubali na kuamsha rilei. Mwizi akiua alamu, ameua stata pia. Ubaya wake ni kwamba alamu ikiharibika nawe umekwama, lakini umekwama ukiwa umepaki, si katikati ya barabara. Kwa stata, mimi ningeenda na 87. Kwa pampu ya mafuta, hapana, usithubutu.

Kisha kuna kujificha. Mahali fundi mvivu huweka ubongo ni chini ya usukani, juu ndio karibu na waya zote. Mwizi pia anajua hapo. Mwambie fundi apeleke ubongo mbali, aweke rilei mahali tofauti na ubongo, na afunge waya zake kwa tepu nyeusi pamoja na zile za gari zilizokuja nazo, ndio zisionekane kama mgeni. Viungo viwe vya kuchomelewa na risasi, si kusokotwa na kufunikwa tepu. Tepu ya Nairobi na joto la dashibodi hazipatani, na ile siku kiungo kitalegea, utalaumu gari bure. Kama fundi anakasirika ukimuuliza haya maswali, hiyo pia ni jibu.

Chip ya kwa funguo

Kuna ulinzi mwingine ambao haulii kabisa na ndio mkali kuliko zote. Unaitwa imobilaiza, na huja na gari kutoka kiwandani. Ndani ya kichwa cha funguo kuna chip ndogo isiyo na betri. Ukiweka funguo kwa swichi, koili iliyozunguka swichi inaipa umeme kidogo hewani, chip inajibu na namba yake, na kompyuta ya gari inaangalia kama inaijua. Isipoijua, injini haikubali kuwaka, ama inawaka sekunde moja na kuzima. Ulaya ilifanya hii iwe lazima kwa magari mapya mwaka wa 1998. Kujua kama yako iko nayo si ngumu: Toyota nyingi zenye imobilaiza huwa na taa nyekundu ya kukonyeza kwa dashibodi funguo ikitolewa. Na ukichonga funguo ya pili pale kando ya barabara, ile ya chuma tupu, itafungua mlango lakini injini itakuangalia tu.

Kama unadhani hii ni hadithi ya matajiri, cheki kile kiliwapata Wamarekani. Hyundai na Kia waliuza huko gari nyingi za kati ya 2011 na 2021, zile za kuwasha kwa kuzungusha funguo, bila imobilaiza. Vijana wakagundua, ikaanzia sana mji wa Milwaukee, na 2022 ikalipuka kwa TikTok: watoto wa shule wanatoka na gari ya mtu kwa kutumia kichwa cha kebo ya USB. Gari za kampuni hizo hizo huko Canada, ambako sheria ilikuwa inalazimisha imobilaiza, hazikuwa na hiyo shida. Februari 2023 kampuni zikatoa programu mpya ya bure. Ilifanya mambo mawili: gari isiwake kama haijafunguliwa vizuri na funguo iko ndani, na alamu ilie dakika moja badala ya sekunde 30. Jiulize ni gani kati ya hizo mbili inamkera mwizi.

Mahali alamu haikusaidii

Ukiwa kwa jam na vioo vya pembeni vinang'olewa, alamu iko wapi? Imezimwa, juu unaendesha. Ndio maana unaona Probox na Fielder zimechorwa namba ya gari kwa kila kioo na taa, na vioo vimepigwa riveti. Si urembo. Kioo kilichochorwa KD-nini-nini ni ngumu kuuza.

Ukiwekewa mchele na abiria, ama ukiwekewa bunduki kwa geti, mwizi anachukua funguo na rimoti zote. Peana gari. Zile alamu zina kitu cha kuzima injini gari ikishaibwa ni nzuri kwa karatasi, lakini usitake mtu mwenye bunduki akwame nawe ukiwa bado ndani. Hapo kazi ni ya traka, ambayo huongea kwa laini ya simu na kukuonyesha gari iko wapi. Nayo ikiwekwa chini ya usukani pamoja na alamu, itatolewa pamoja na alamu.

Na zile za kuwasha kwa kubonyeza, ambazo funguo inakaa tu mfukoni, zina ugonjwa wake: watu wawili na vifaa viwili, mmoja karibu na mlango wa nyumba yako, mwingine karibu na gari, wananyoosha mawimbi ya funguo mpaka gari inadhani uko hapo. Ukilala, weka funguo ndani ya mkebe wa chuma wenye kifuniko. Kisha bonyeza mlango wa gari uone kama inafunguka. Mikebe mingine haizuii, jaribu hata mbili tatu.

Bima pia. Ile ya third party hailipi gari ikiibwa, kabisa. Ile kubwa hulipa, lakini soma karatasi vizuri: mara nyingi gari bila kifaa cha kuzuia wizi hukatwa pesa zaidi kwa malipo.

Kitu kimoja cha mwisho watu husahau ni betri. Alamu haijawahi kulala, inakunywa umeme kidogo mchana na usiku. Tuseme gari yote ikiwa imezimwa inakula ampia 0.05. Betri ya 45Ah ikiwa mpya itamalizwa na hiyo kwa siku 37 hivi kwa hesabu, na stata itakataa mapema zaidi. Ukisafiri mwezi mzima, mwachie mtu aiwashe kila wiki.

Sasa leo jioni, ukishapaki, fanya hivi. Shusha kioo cha dereva, toka, funga milango na rimoti, ngoja dakika moja. Ingiza mkono kwa dirisha ufungue mlango kwa ndani. Lazima ilie. Ikilia iache ikilia, ingia, weka funguo na ujaribu kuwasha. Stata isipozunguka, uko sawa. Kisha zima, weka alamu tena vile vile, toa fiuzi yake, jaribu kuwasha mara nyingine. Gari ikiwaka hapo, rudisha fiuzi, na kesho asubuhi urudi kwa fundi wako umuulize waya wa stata aliupeleka mguu gani.